Hapa Chachu Inaruhusiwa

Bi Moto na wifi yake Bi Chachu walikuwa hawasemezani, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulikuwa unakula mkate mbaya.

Majina hayo walipewa na wateja, tena zamani, mpaka wenyewe wakayazoea. Bi Moto alikuwa mtu wa tanuri. Kuni zake, majivu yake. Akisogeza mkono mlangoni mwa tanuri alijua kama mkate uingie sasa au usubiri kidogo. Bi Chachu alikuwa mtu wa unga. Donge likipita mikononi mwake lilitulia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kila mtu na lake, na kati yao ukatoka mkate ambao watu walikuwa wanaumega njiani, wanafika nyumbani na mfuko mtupu, wanarudi kununua mwingine.

Bi Moto aliingia katika nyumba ile kama bibi harusi, ameolewa na kaka yake Bi Chachu. Bi Chachu alizaliwa humo humo. Mama mkwe ndiye aliyewafundisha kazi wote wawili. Alipofariki yeye, na baadaye kaka naye, wakabaki wanawake wawili na tanuri lao uani, chini ya paa la bati. Chumba cha Bi Moto upande huu, cha Bi Chachu upande ule, korido katikati.

Ugomvi ulianzia kwenye neno moja tu: kiporo.

Kila nyumba inajua kiporo ni nini. Ni chakula cha jana kinachopashwa moto asubuhi. Lakini katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na maana yake ya peke yake. Mama mkwe alikuwa hanunui hamira. Kila akikanda, alibakiza konzi moja ya donge, akalilaza kwenye bakuli la udongo, akalifunika kitambaa, na kesho yake donge hilo ndilo likaumua unga mpya. Kwa vile lililala, yeye akaliita kiporo. Wakwe na watoto wakaliita kiporo. Wakasahau kabisa kwamba watu wa nje hawalijui.

Basi siku moja alikuja mpishi mpya wa shule ya njia panda, mama mnene mwenye adabu, kuonja mkate kabla ya kuuagiza kwa ajili ya watoto. Bi Moto alikuwa ameenda kuchagua kuni. Mpishi akamega, akatafuna, akafumba macho.

"Mama, mbona mtamu hivi? Mnaweka nini?"

"Kiporo, mwanangu," Bi Chachu akajibu kwa fahari zote. "Humu kila mkate ni wa kiporo. Tangu enzi za mama yangu."

Mpishi akaacha kutafuna. Akakitoa kile kipande cha mwisho mdomoni kwa kitambaa, polepole, akashukuru, akaaga. Kabla jua halijapanda, mtaa wote ulishasikia kwamba pale wanauza makombo ya jana yaliyopashwa moto. Shule ikachukua mkate kwingine.

Bi Moto aliporudi na kuni zake kichwani aliambiwa habari hizo barabarani. Aliingia dukani kwao, mbele ya nyumba, akiwa anatoka moshi kuliko tanuri. Watu walikuwepo. Akasema mengi, na mengi kati ya hayo yangesahaulika, lakini mwishoni akasema hili: "Na ujue, hii nyumba ni ya mume wangu. Wewe unakaa tu!"

Kumwambia hivyo mtu aliyezaliwa humo! Bi Chachu alijifuta unga mikononi, akachukua beseni la kukandia, akachukua nusu ya kiporo kwenye bakuli dogo, akaingia chumbani kwake.

Tangu hapo, Bi Moto akawa na tanuri bila mikono ya kukanda. Mkate wake ulitoka mgumu hata fundi viatu akasema ataujaribu kwenye visigino. Bi Chachu akawa na mikono bila tanuri. Aliokea kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, mkate ukatoka mweusi juu, mbichi ndani, na kinyozi akasema huo ni wa kunyolewa kwanza ndipo uliwe.

Na kusemezana? Walisemezana kwa kupitia paka.

"Paka," Bi Moto angesema koridoni, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "mwambie huyo mwenzako anayemwaga maji, ayamwage upande wake."

"Paka," sauti ingejibu kutoka chumba cha pili, "mwambie huyo aliyekutuma, upande wangu siujui. Mimi nakaa tu."

Paka alikuwa akiangalia huku, akiangalia kule, kisha anakwenda zake kulala kwenye majivu.

Bi Moto hakusoma sana shuleni. Alitoka mapema kwenda kulea wadogo zake. Lakini kusoma alijua, kwa kidole, neno baada ya neno, na kila asubuhi wakati tanuri linashika moto alikaa kwenye gogo na Biblia yake magotini. Aliianza mwanzo, na aliapa hataruka hata mstari. Wenzake walimcheka: "Umefika wapi?" Alipowajibu amefika Walawi walimpa pole, maana hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Damu, mafuta, figo. Hata yeye alikuwa anapiga miayo.

Ila asubuhi moja kidole chake kilisimama.

Alikuwa amefika kwenye sadaka ya amani. Akaona kwamba nyama ya sadaka ile, mtu akiitoa kwa kushukuru, ilitakiwa iliwe siku ile ile. Kubakiza mpaka asubuhi hapana. Akarudia tena, midomo ikimwenda. Siku ile ile! Akaanza kupiga hesabu za jikoni, ambazo anazijua vizuri kuliko za shule. Mtu amechinja ng'ombe mzima. Yeye, mke, watoto, hata wale mpaka waumwe, ng'ombe hamalizwi kwa siku moja. Kukausha amekatazwa. Kuficha amekatazwa. Atafanyaje?

Ataita jirani. Na jirani wakiisha, nyama bado ipo, itabidi amwite na yule aliyenuniana naye.

"Ehee!" Bi Moto akasema peke yake. "Kumbe wamebanwa makusudi!"

Akaona na kingine. Pamoja na nyama palitakiwa mikate. Sadaka nyingine alizozisoma nyuma huko, chachu ilipigwa marufuku kabisa, isikaribie. Lakini kwenye hii ya amani, pamoja na mikate isiyochachuka, ilitakiwa na mikate iliyochachuka. Hapa chachu inaruhusiwa. Hapa chachu inatakiwa!

Bi Moto akacheka mpaka kitabu kikataka kumdondoka. Amani haikamiliki bila Chachu, na Chachu mwenyewe yuko chumba cha pili, amenuna.

Kicheko kilimkatika aliposikia sauti za wanaume koridoni. Dereva wa lori na utingo wake walikuwa wamesimama mlangoni kwa Bi Chachu, wanapima kitanda kwa kamba.

"Kabati nalo linaenda?" dereva aliuliza.

"Vyote," alisema Bi Chachu. "Nahamia kwa mdogo wangu. Jua likipungua tuondoke."

Bi Moto alibaki amekaa kwenye gogo. Kwa mdogo wake ni safari ya siku nzima; mtu wa umri ule akihama hivyo, harudi. Jua likipungua, wifi yake ataondoka na lile neno moyoni, "unakaa tu", na huko aendako ndilo atakalokuwa akilisikia kila akiingia kulala. Na yeye aliyelisema atabaki na nyumba yake. Abaki nayo aifanyie nini?

Akafunga kitabu, akasimama.

Alimtuma muuza mkaa amwitie mchinjaji, na yule mbuzi aliyekuwa akimnenepesha uani akaisha kabla hajajua kulikoni. Akamimina unga wote wa ghalani. Kisha akafunua bakuli la kiporo. Hapo mkono ulisita kidogo. Tangu enzi za mama mkwe, bakuli lile halijawahi kulala tupu. Lakini imekatazwa kubakiza, na yeye mambo yake hayana nusu nusu. Akakitia chote, akakwangua kwa kidole.

Akaanza kukanda. Akakanda kama anayeua nyoka. Meza ikalia, sahani zikatetemeka ukutani. Upande wa pili wa ukuta, Bi Chachu alikuwa anafunga mabunda yake. Alivumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Paka!" akaita. "Mwambie huyo anayepigana na unga, unga haupigwi. Unabembelezwa!"

Bi Moto akasimama, jasho likimtiririka puani. Angeweza kujibu. Jibu alikuwa nalo, tena lilikuwa zuri. Akalimeza. Akalegeza mikono, akaanza kulisukuma donge taratibu, kulikunja, kulisukuma.

Kisha: "Paka, mwambie maji ni machache. Nasikia kwa sauti."

Akaongeza maji.

"Haya, sasa aliache lipumzike. Hata yeye mwenyewe apumzike, anahema kama punda."

Bi Moto akafunika donge kwa kitambaa, akajiziba mdomo kwa kanga ili kicheko kisisikike.

Mchana mikate ilitoka. Ilikuwa imeumuka, imepanda, ina rangi ile ya zamani, na harufu yake ikapita juu ya ukuta, ikashuka barabarani, ikawakuta watu walikokuwa. Bi Moto akatoka mlangoni na upawa mkononi.

"Njooni mle! Bure! Ila sharti ni moja: hakuna kubakiza na hakuna kufunga kupeleka nyumbani. Kiishe hapa hapa leo!"

"Kuna nini, Bi Moto? Umeshinda bahati nasibu?" akauliza kinyozi.

"Bado sijashinda. Njoo ule."

Wakaja. Kinyozi akaja na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Fundi viatu akaja na wanawe. Mpishi wa shule alikuwa anapita, akavutwa mkono. Dereva na utingo walishapakia kitanda, kabati na mabunda. Waliposikia neno "bure" hawakusubiri kuitwa mara ya pili. Ua ulijaa. Watu walikaa kwenye magogo, kwenye ndoo zilizopinduliwa, kwenye ngazi. Walikula wakacheka, wakalegeza mikanda, wakala tena. Na bado sinia moja la nyama lilikuwa limejaa, na mikate juu yake.

"Mama, mimi basi," alisema utingo, ameshika tumbo. "Ukinigusa napasuka."

"Amebaki nani mtaani ambaye hajala?" aliuliza fundi viatu.

Wote walijua amebaki nani. Bi Chachu alikuwa ameshapanda lori, amekaa mbele, amepakata bakuli dogo lililofungwa kwa kitambaa, anaangalia barabara.

Bi Moto akaangalia chini. Paka alikuwa miguuni pake.

"Paka," akaanza, "mwambie..."

Paka alikuwa na mfupa mdomoni. Hakuinua hata kichwa.

"Hapana," alisema mpishi wa shule, ambaye hakuijua habari yote lakini alikuwa mtu mzima. "Hili, mama, naona utalipeleka mwenyewe."

Bi Moto akabeba sinia. Njia ya kutoka uani mpaka kwenye lori ni fupi, mtoto anairuka kwa mguu mmoja, lakini kwake ilikuwa ndefu. Watu wakamfuata nyuma, kila mmoja akijifanya anatoka kupunga upepo.

"Wifi," akasema.

"Nani huyo?" Bi Chachu akauliza bila kugeuka.

"Mimi."

"Mimi nani? Mimi nimezoea kuongea na paka."

Utingo akaangua kicheko, dereva akampiga kiwiko.

"Wifi, shuka ule. Ni sadaka ya amani. Haitakiwi ilale. Wote wamekula, wamemaliza nguvu, na hii imebaki. Ni ya kwako."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Toka asubuhi hujala, nimekusikia ukifunga mizigo bila hata chai."

Bi Chachu akakaza uso. Bi Moto akaona maneno ya pembeni hayatafika. Akalitua sinia juu ya ngazi ya lori, akageukia watu, akapandisha sauti.

"Ninyi mlinisikia siku ile. Nilisema wifi yangu anakaa tu. Nilisema mbele yenu, kwa hiyo mnisikie na leo. Nilikosa. Huyu kazaliwa humo ndani, mimi ndiye nilikuja na sanduku, na yeye ndiye alinipokea lile sanduku. Na habari ya kiporo, nilijua siku ile ile alikuwa anasema nini. Donge la mama! Nilishaelewa kabla hasira haijapoa. Lakini nilikuwa nimeshabwata mbele ya watu, nikaona haya kujirudi. Nimekaa na haya zangu mpaka leo, na mmekula mawe kwa ajili yangu."

Akamgeukia wifi yake. "Nisamehe. Kama ni kwenda, nenda, sitakushika miguu. Ila usiende na lile neno. Lishushe hapa."

Bi Chachu sasa alikuwa amegeuka. Macho yalimlengalenga, lakini mdomo ulikuwa unapigana na kitu kingine.

"Na mimi nina langu," akasema. "Ule mkate mweusi niliomuuzia kinyozi... nilimwambia umetoka kwako."

"Ewe!" kinyozi akaruka. "Na mimi nimemsema Bi Moto mtaa mzima!"

"Nisamehe, wifi. Uliungua sana, niliona aibu."

Bi Moto alicheka hadi akajishika mlango wa lori. Bi Chachu naye akacheka, machozi yakimtoka kwa raha, na watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Katika kucheka, Bi Chachu akanyoosha mkono, akamega mkate. Akatafuna. Akautazama ule mkate.

"Huu umetia kiporo kiasi gani?"

"Chote."

"Chote?"

"Imeandikwa kisibaki hata asubuhi."

"Wewe mwanamke!" Bi Chachu akafungua mlango, akashuka lorini kama msichana, bakuli lake kifuani. "Kitabu kinasema nyama iliyoiva! Kinasema mkate uliookwa! Nani amesema chachu ya mama yangu? Kesho ulitaka kukandia nini, mate?"

"Sijafikiria kesho. Nimefikiria leo."

"Ndiyo maana nilikwambia usisome peke yako, unasoma kwa kidole, kidole chenyewe hakina akili!" Akalifungua bakuli lake, akamwonyesha lile donge limevimba limejaa mapovu. "Hiki hapa. Tutagawana."

Mpishi wa shule akachungulia kwenye bakuli. Akanusa. Akaangalia donge, akaangalia mkate mkononi mwake, na uso ukamwiva kwa haya.

"Kumbe kiporo chenyewe ndicho hiki? Chachu? Jamani, si mngesema chachu!"

"Sasa sisi tungejuaje kama wewe hujui?" Bi Chachu akamjibu.

"Watoto wamenichosha, wanauliza mkate wa pale umeenda wapi. Jumatatu naleta magunia ya unga mwenyewe."

Wakarudi uani wote. Bi Chachu akakaa kwenye gogo la wifi yake, sinia mapajani, akala kama mtu aliyetoka kuvuna, na Bi Moto akala tena upande wake ingawa tayari alikuwa amevimbiwa, maana amani ya kutazamana tu hakuitaka. Sinia likawa jeupe. Mifupa peke yake ndiyo iliyobaki.

Jua likashuka nyuma ya bati. Dereva akajinyoosha, akakohoa.

"Mama, samahani. Tunaondoka, au hatuondoki?"

Bi Moto aliinamia sahani zake, akaanza kuzipanga moja juu ya nyingine. Alishasema kwamba hatamshika miguu, na ahadi ni ahadi.

Bi Chachu akajifuta mdomo, hana haraka.

"Nilimwahidi mdogo wangu naenda."

"Ndiyo," alisema Bi Moto, kwa sauti ndogo.

"Na nitaenda kumsalimia. Wiki moja, mbili, nikamwone na wajukuu. Lakini wifi," akamwangalia, "mtu gani huyo anaenda kusalimia watu na kabati?"

Bi Moto akaziachia sahani. Fundi viatu akapiga kigelegele kama mwanamke, na wanawake wakampokea kwa vigelegele vya kweli.

"Shusheni!" kinyozi akapaza sauti. "Shusheni vyote!"

"Tumbo hili linashusha nini?" utingo akalalamika, lakini alishapanda nyuma ya lori anafungua kamba. Kila mtu akashika kitu. Mteja wa kinyozi, kichwa nusu upara nusu nywele, akabeba godoro juu ya kichwa chake. Mpishi wa shule akakumbatia mto na taa. Mabunda yalipita koridoni kutoka mkono hadi mkono. Likabaki kabati, zito la mbao ngumu, likakwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Ligeuze," Bi Moto akaamuru kutoka nyuma, bega lake limegandamana na mbao. "Lilale ubavu."

"Likilala ubavu mlango unafunguka! Libaki limesimama!" Bi Chachu akapiga kelele kutoka ndani.

"Lilitokaje?"

"Lilitoka limesimama!"

"Lilitoka limelala, nilikuwa natazama!"

"Ulikuwa unatazama? Kumbe ulikuwa unachungulia!"

"Nilikuwa nachungulia, ndiyo! Sasa vuta!"

"Nivute kushoto?"

"Kushoto kwangu!"

"Kushoto kwako ni kulia kwangu, wifi, mimi niko huku!"

Dereva alikaa kwenye ngazi, akamwuliza fundi viatu kwa kunong'ona kama hawa wawili ndio kweli wamepatana, au ndio wameanza upya. Fundi viatu hakuwa na nafasi ya kumjibu, kwa sababu kabati lilitoa mlio, likapita mlangoni lote kwa mara moja, na kutoka ndani ya chumba ukasikika mshindo, kisha wifi wawili wakicheka sakafuni.